Weka Kinanda Mbali, Mama Awe Karibu

Nyinyi vijana mnaopiga vinanda hapa Isiolo, nawasikia. Nyumba yangu iko Kiwanjani, na Jumapili asubuhi makanisa yakianza sihitaji kutoka nje ili nijue nani anapiga wapi. Mna vidole vyepesi kuliko vyangu nilipokuwa na umri wenu. Nasema hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu, maana siku hizi vidole vyangu vimekaza na hata kifungo cha shati hunishinda kukiwa na baridi. Lakini kuna jambo moja mnalolifanya ambalo hunifanya nisahau chai mpaka ipoe. Mnanunua kinanda, mnakiwasha, na kila sauti iliyotoka kiwandani mnaiacha vilevile ilivyokuja, au mnaiongezea madoido yote hadi mwisho. Kisha mnashangaa mbona watu wanatazama saa.

Mimi nimekula mkate wangu kwa kazi hiyo. Nilipiga kinanda kanisani na harusini, lakini zaidi ya kupiga nilikuwa mrekebishaji. Watu walikuwa wananiita, "Ekal, kuja uangalie hii kinanda yetu, inalia vibaya sana," na mara nyingi nikifika nilikuta kinanda kizima kabisa. Hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kimeachwa kijiamulie chenyewe.

Aliyenifundisha ni Kirimi, Mmeru mrefu mwenye sauti ya chini, mtu ambaye hakuwahi kuharakishwa na harusi yoyote. Alikuwa na chumba kidogo mjini ambako alifundisha, akarekodi kwaya, na kukodisha vinanda vyake. Vitufe vya kinanda vina majina ya Kiingereza, nanyi mnayajua kunishinda. Kirimi hakuyatumia. Aliviita kwa kazi vinavyofanya. Mwangwi aliuita "mbali", kwa sababu ukiuongeza, sauti inarudi nyuma, inamwacha msikilizaji, inakuwa ya mtu aliye mwisho wa ukumbi mkubwa. Ile inayofanya sauti moja isikike kama watu wengi wanaoimba pamoja aliiita "wingi". Na ile inayorudia sauti baada ya kitambo kidogo aliiita "marudio". Akisema, "Ekal, punguza mbali," mkono wangu ulijua pa kwenda. Hata leo nikipita karibu na kanisa moja, ambalo silitaji, hujikuta nasema peke yangu barabarani: punguza mbali, ndugu yangu, punguza.

Makanisa yetu mengi yameezekwa mabati, na ukuta ni saruji tupu. Jengo la namna hiyo lina mbali yake tayari, tena ya bure. Ukifungua na ya kinanda, maneno yanaviringana hewani na mhubiri anaonekana kama anagombana na watu. Kirimi alipoingia ukumbi wowote kwa mara ya kwanza hakugusa waya. Alisimama katikati, akapiga kofi moja, akanyamaza. Kisha akaenda kona nyingine akapiga lingine. Nilidhani ni mchezo mpaka siku niliyojitia mjuzi, nikatengeneza kila kitu Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu, na sauti ikawa tamu ajabu. Jumapili watu wakajaa na mashuka yao na watoto mgongoni, na sauti yangu tamu ikakauka kama ugali wa jana. "Watu wanakunywa sauti," Kirimi akaniambia. "Jumamosi ulipigia viti." Tangu hapo sikuamini ukumbi mtupu tena.

Lakini marudio ndiyo yaliyotuchekesha zaidi. Mnajua nyimbo zetu zinavyokwenda: mwanzilishi anaimba mstari wake, anatulia, nasi sote tunamjibu. Mwanzilishi wa kwaya yetu alikuwa Mama Nakiru, mama Mturkana aliyeuza mboga sokoni wiki nzima na Jumapili akawa malkia wetu. Sauti yake ilifika barabarani bila spika. Jumapili moja maiki yake ilikuwa imechomekwa kwenye kinanda, na mimi, kwa kupenda mambo mapya, nikafungua marudio. Mama Nakiru akaimba, "Nimefika mlangoni mwako," akatulia ili watu wajibu. Kinanda kikasema: mlangoni mwako, mlangoni mwako, mlangoni mwako. Kanisa zima likakaa kimya. Kwetu hapa hakuna anayejibu wakati mwenzake bado anasema, ni utovu wa adabu, na kinanda kilikuwa bado kinasema. Kilipomaliza, nafasi ya watu ilikuwa imepita. Akaanza mstari wa pili, mambo yakawa yaleyale. Wimbo wote uliimbwa na Mama Nakiru na mashine.

Tulipotoka nje, nyanya mmoja wa kwaya akanishika mkono. "Kijana, leo kinanda imejibu kila kitu," akaniambia kwa upole. "Sisi tungejibu nini tena?"

Kirimi alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Alipofuta machozi akaniambia neno ambalo nawapa nyinyi bila malipo: nyimbo za kwetu zina nafasi ndani yake, na kila nafasi ina mwenyewe. Kabla ya kujaza nafasi kwa kitufe, uliza kwanza ni ya nani.

Msidhani kwamba yeye hakukosea. Tulialikwa harusini Kinna, na kinanda alichobeba kilikuwa na zile sauti za mchezo ambazo kiwanda huweka pamoja na ngoma: makofi, farasi, mbwa, simu, na kelele nyingine ambazo sijui walizikusudia kwa nani. Maharusi wakaingia, Kirimi akataka kuwatolea makofi. Kidole kikateleza kwenye kitufe cha jirani. Mlio wa bunduki ukatoka spikani kwa nguvu zote. Ndugu zangu, pale ni kwa wafugaji, na mlio huo wanaujua. Wageni wote walikuwa chini kabla sijapepesa macho, bwana harusi yuko juu ya bibi harusi, na mbuzi wa sherehe wakakata kamba wakaenda zao.

Mwingine angejificha nyuma ya spika. Kirimi alisimama, akavua kofia, akaenda mbele ya wazee mmoja mmoja akiwaambia, "Ni mimi. Ni mkono yangu. Nisameheni." Mzee wa mwisho akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani, akasema, "Basi leo umetuonyesha kijana wetu anapenda bibi yake," na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mbuzi wakafuatwa, harusi ikaendelea. Lakini kabla hajapiga wimbo mwingine, Kirimi aliingia kwenye mipangilio ya kinanda, akaitafuta ile sauti ya bunduki, akaishusha hadi sifuri, na kuihifadhi ikiwa hivyo. Jirani zake zote akazishusha pia. Nilimpenda Kirimi tangu mwanzo, lakini siku ile nilimheshimu.

Sasa nataka kuwaambia habari ya Mama Nakiru, na hapa naomba mzime simu zenu.

Alipata uvimbe shingoni. Akapasuliwa, akapona, Mungu ni mwema, ila sauti iliyorudi haikuwa ile iliyoondoka. Ilikuwa ndogo, ya chini, yenye kukwaruza. Alipojaribu kupanda juu ilikatika. Akahama kiti cha mbele kanisani akaenda kukaa nyuma karibu na mlango, na wimbo ulipoanza alisogeza midomo tu. Hakuna aliyemfukuza. Watu walimhurumia, na nadhani huruma hiyo ndiyo iliyomsukuma mpaka mlangoni.

Kisha binti yake Esther akaposwa, na harusi ikapangwa kufanyika Oldonyiro, nyumbani kwa bwana harusi. Kwaya yetu ilikuwa na desturi yake: bibi harusi anapotokeza, mama yake mzazi ndiye anayeanzisha wimbo, nasi tunamjibu. Hata mama asiyejua kuimba huanzisha, hata kwa kunong'ona, kwa sababu ndiye anayemtoa mtoto. Wanawake wa kwaya walikaa wakaona wamwepushie Mama Nakiru aibu. Wakamchagua mwingine aanzishe kwa niaba yake. Walifanya kwa nia njema kabisa, na ilimuumiza kuliko kisu cha daktari.

Alikuja chumbani kwa Kirimi nikiwa pale nafuta vumbi kwenye vinanda. Hakukaa.

"Kirimi," akasema na ile sauti yake mpya, "mimi nataka kuanza wimbo ya mtoto yangu. Hii moja tu. Nikimaliza hii nanyamaza, sitasumbua mtu tena."

"Kaa, mama," Kirimi akamwambia. "Imba nisikie."

Akaimba. Nakiri kwamba moyo ulinishuka. Nikafanya ambalo kila mmoja wenu angefanya: nikamchomekea maiki, nikafungua mbali, nikaongeza wingi juu yake ili sauti inenepe. Ikanenepa kweli. Kutoka spikani akatoka mwanamke mkubwa, laini, anayeelea. Mama Nakiru akanyamaza katikati ya neno.

"Huyo ni nani?" akauliza. Machozi yakaanza kumlengalenga. "Hata mtoto yangu hatanijua."

Kirimi akanyoosha mkono akazima vyote. "Ekal, hii sauti si mgonjwa," akaniambia. "Usiifunike blanketi."

Sasa sikilizeni alivyofanya, kwa sababu sijaona kazi safi kama ile kabla wala baada yake. Hakugusa maiki kabisa. Aliiacha sauti ya mama kavu, bila mbali, bila wingi, bila chochote. Akageukia kinanda. Kwanza akashusha ki, yaani kimo cha wimbo mzima, hatua moja baada ya nyingine, kila mara akimwambia mama aimbe mstari uleule, hadi akapata mahali ambapo koo lake halikupanda ngazi yoyote. Kisha akachagua sauti ya nyuzi, zile nyororo, akaipunguzia ung'avu mpaka ikawa butu, kwa sababu mkwaruzo wa mama ulikaa juu palepale penye ung'avu, na wawili hawawezi kukalia kiti kimoja. Akachelewesha mwanzo wa kila noti, ili neno la mama litangulie na kinanda kifuate nyuma yake. Mwisho kabisa akafungua mbali, lakini kwa kinanda peke yake.

"Unaona?" akaniuliza. "Wewe ulitaka mama awe mkubwa. Mimi nataka awe karibu. Nikiweka kinanda mbali, mama atakuwa karibu, hata akinong'ona."

Nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka na miaka, nikijua kwamba mbali inasogeza sauti nyuma. Haikuwahi kunijia kwamba unaweza kumwinua mtu kwa kumsogeza mwingine. Nilisikia raha iliyochanganyika na wivu, na nikashukuru kwamba niliishi karibu na mtu yule.

Mzee Warsame, msafirishaji wa mjini ambaye lori lake na jenereta yake vilituhudumia kila mara, ndiye aliyetupeleka Oldonyiro. Tulifika siku ya kuamkia harusi. Uwanja ulikuwa wazi kabisa, vumbi, upepo, na upande wa pili mnada wa mifugo unaendelea, ng'ombe wanalia na watu wanabishana. Hakuna ukuta hata mmoja wa kurudisha sauti. Uwanja wa namna hiyo unakula mbali yako yote, kwa hiyo Kirimi akaiongeza kwa kinanda kuliko alivyokuwa ameiweka mjini. Mama bado akamwacha kavu. Nilitamani nimwongezee kidogo tu.

Kisha Kirimi akafanya ujanja ambao nyinyi mnaupuuza kwa sababu mnajipima kwa masikio yenu wenyewe. Alimwomba Mzee Warsame aende asimame kwenye lori lake, kule mwisho wa uwanja. Mzee yule ni Mwislamu, hajawahi kukaa kwenye kwaya yetu, wimbo ule haujui. Mtu anayeujua wimbo husikia hata maneno ambayo hayakutoka, Kirimi alisema. Mpime kwa asiyeujua.

Mama Nakiru akaimba mistari miwili. Mzee Warsame akarudi taratibu, mikono nyuma.

"Salaam aleikum tena," akasema akicheka. "Mimi nasikia hivi: mama anasema huyu mtoto alikuja na mvua, na sasa anamtoa jua ikiwaka, basi watu wa hapa wamwekee kivuli. Ni hivyo ama sivyo?"

Ilikuwa hivyo, neno kwa neno.

"Na kinanda, mzee?" nikauliza.

"Kinanda gani? Ilikuwa inapiga?"

Kirimi alitabasamu kama mtu aliyesifiwa na mfalme. Mimi ningejiona nimetukanwa.

Siku yenyewe ilipofika, wanawake wa kwaya walijipanga, na yule aliyechaguliwa badala ya mama alikuwa amesimama mbele tayari. Mama Nakiru akaenda akasimama kando yake. Yule mwenzake akamtazama, akatazama maiki, kisha akampa na kurudi mstarini. Nataka na huyo mumheshimu, maana si kila mtu huachia maiki.

Esther akatokeza amefunikwa. Kirimi akaweka vidole, nyuzi zikaanza kwa mbali sana, huwezi kujua zinatoka upande gani. Mama akaimba. Haikuwa sauti ya kufika barabarani. Ilikuwa sauti ya mama anayeongea na mtoto wake jikoni, na kila mtu uwanjani akajikuta yuko jikoni humo. Akatulia. Kwa kitambo kidogo niliogopa kwamba hawatajibu. Kisha wakajibu, kwaya na wenyeji na hata watu waliotoka mnadani na fimbo zao, na walijibu kwa sauti ya chini kama yake, bila kuambiwa na mtu, ili wasimpite.

Kwenye mstari wa mwisho koo lilikatika. Lilikatika pale kwenye neno "kivuli". Kirimi hakuongeza kinanda kufunika. Alishikilia noti ileile, akangoja. Mama akavuta pumzi, akalirudia neno, akalimaliza. Esther akajifunua uso hata kabla ya wakati wake, akaja akamkumbatia, na nikaona wazee wa Oldonyiro wakitazama chini kwenye vumbi wakijifanya wanatafuta kitu. Mimi sikujifanya. Nililia.

Baadaye, watu wakiwa kwenye chakula, tulianza kufunga vyombo. Mama Nakiru alikuwa amekaa karibu nasi kwenye spika moja, anapumzika, shuka begani. Nikaenda kwenye kinanda nihifadhi tulichotengeneza, kwa sababu nilijua sitapata tena sauti kama ile.

"Usihifadhi," Kirimi akasema. Alikuwa anakunja waya, hata hakuinua kichwa.

"Usihifadhi vipi? Kazi yote hii?"

"Hiyo ni koo yake ya leo. Jumapili itakuwa ingine. Tutamsikiliza tena, tuanze upya."

Mama Nakiru akageuka. "Jumapili?" akauliza. "Kirimi, mimi nilikuambia ni hii moja tu."

"Uliniambia, mama. Nilisikia." Akaendelea kukunja waya wake. "Lakini Jumapili kuja mapema, kabla ya wengine, nijue imeamkaje."

Hakumngoja ajibu. Aliinama akabonyeza kitufe cha umeme, kioo cha kinanda kikazimika, na kila tulichotengeneza kikapotea.

Mama Nakiru alikitazama kile kioo. Akavuta shuka lake vizuri.

"Saa ngapi?" akauliza.